MASWALI YA WASOMAJI: Kupanda mahindi na soya Iowa, udongo unapokuwa tayari

Safari hii ukurasa wa kilimo unajibu barua za wasomaji wanaoishi na kufanya kazi kwenye mashamba ya familia ya Iowa na Illinois, pamoja na za wasomaji wa nyumbani wanaotaka kujua wenzao wa kule wanafanyaje kila majira ya kuchipua. Barua tumezifupisha. Vipimo vya kule ni inchi, ratili na ekari. Pale inapofaa tumeweka sentimita na kilo.

Swali. *Ndugu wahariri, salaam. Nimeajiriwa kwenye shamba moja karibu na Ames, Iowa. Mzee mwenye shamba anachomeka kipimajoto ardhini kila asubuhi, kisha anasema bado. Jirani yake ameshaanza kupanda mahindi. Ni nani aliye sahihi?*

Jibu. Mzee wako anapima kitu sahihi. Kinachotakiwa ni joto la udongo kwenye kina cha inchi 4 (sentimita 10), kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, wakati ardhi iko baridi kuliko saa nyingine zote. Kwa mahindi tunataka nyuzi 10 za Selsiasi, yaani 50 za Farenhaiti, zikiwa zinapanda siku hadi siku, na utabiri wa siku mbili zijazo usiwe na mvua ya baridi.

Hilo la mvua ya baridi wengi hulipuuza, nalo ndilo linaloharibu mbegu. Mbegu kavu ikishafukiwa hufyonza maji kwa pupa, na sehemu kubwa ya maji hayo huingia katika saa 24 hadi 48 za mwanzo. Yakiwa baridi sana, utando wa seli unakuwa bado mgumu, unapasuka badala ya kutanuka, na yaliyomo ndani ya seli yanavuja. Mbegu nyingine zinafia palepale, nyingine zinatoa chipukizi lililojipinda ambalo hufungua majani chini ya ardhi lisione jua kamwe. Baridi hiyohiyo ikija siku ya nne, madhara ni madogo zaidi. Kwa hiyo ukisikia mvua ya nyuzi 4 inakuja kesho usiku, zima trekta leo mchana hata kama kipimajoto kinasema 11.

Hesabu ya joto inaonyesha pia kwamba aliyetangulia kupanda si lazima atangulie kuona mimea. Mahindi yanahitaji takriban vipimo 115 vya joto ili yachomoze. Kipimo cha siku moja hupatikana hivi: jumlisha joto la juu na la chini la siku kwa Farenhaiti, gawa kwa 2, toa 50. Joto la chini likishuka chini ya 50 liandike 50, na la juu likizidi 86 liandike 86. Siku yenye 68 mchana na 46 usiku inatoa vipimo 9, kwa hiyo mbegu itakaa ardhini karibu siku 13. Siku yenye 77 na 57 inatoa 17, na mahindi yatachomoza ndani ya wiki moja. Mbegu inayokaa ardhini siku 13 ina siku sita zaidi za kuliwa na wadudu na kushambuliwa na kuvu.

Sasa jirani. Kabla ya kumlaumu, tazama ukubwa wa planta yake, yaani mashine ya kupandia inayokokotwa na trekta. Planta ya mistari 8 yenye nafasi ya inchi 30, ikienda maili 5 kwa saa, ukiondoa muda wa kugeuka na kujaza mbegu, inamaliza kama ekari 8 kwa saa. Mwenye ekari 400 anahitaji saa 50 za kazi, na Aprili ya Iowa haimpi siku kavu saba kwa wiki. Anayengoja udongo uwe mzuri kila kona atajikuta bado anapanda mwishoni mwa Mei, na hapo mavuno huanza kushuka kwa kasi. Mahindi ya katikati ya Iowa yanafanya vizuri yakipandwa kati ya siku kumi za mwisho za Aprili na siku za mwanzo za Mei. Ndani ya kipindi hicho, tofauti ya siku tano ni ndogo kuliko hasara ya kupanda kwenye udongo mbichi.

Swali. *Nitajuaje kwamba udongo umekauka vya kutosha? Juu unaonekana mkavu lakini chini matairi yanaacha alama.*

Jibu. Usiangalie juu. Chimba hadi inchi 3 au 4, chukua udongo wa pale ambapo diski za planta zitapita, ufinyange mkononi. Bonge likivunjika kwa kusukumwa na kidole gumba, unaweza kupanda. Likinyooka kuwa utepe mrefu kati ya kidole na gumba, subiri.

Ukipanda ukiwa mbichi, diski mbili zinazofungua mfereji zinapiga lipu kuta zake. Kuta zikikauka hazipenyeki, mizizi inashindwa kwenda pembeni na inafuata mfereji mbele na nyuma tu. Ukiung'oa mhindi wa namna hiyo mwezi Juni utaona mizizi bapa, imelala upande mmoja na upande wa pili. Mvua ikikatika, mfereji wenyewe hupasuka katikati na kuacha mbegu wazi. Mbolea haitibu jambo hili, na ukishapanda hakuna mashine ya kulirudisha nyuma. Ndiyo maana kwetu hali ya udongo inatangulia kalenda.

Swali. *Mimi ndiye ninayeandaa planta mwaka huu, mistari 8, ya zamani kidogo. Naomba mnieleze vitu vya kukagua, vyote.*

Jibu. Anza na diski za kufungulia mfereji. Zikiwa mpya huwa na kipenyo cha inchi 15 kwenye planta nyingi. Zikishuka hadi 14.5, badilisha. Zinapokaa mbili pamoja lazima zigusane sehemu ya mbele chini. Njia ya kupima: chukua kadi mbili ngumu, ingiza moja kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma mpaka zikwame, kisha pima umbali kati yake. Planta nyingi zinataka inchi 2 hadi 2.5, kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Diski zikiwa zimelika na hazigusani, mfereji unakuwa na kichuguu katikati na vijia viwili pembeni badala ya umbo la V. Mbegu moja inaanguka juu ya kichuguu, nyingine pembeni, na hivyo kina hakilingani ingawa umekiseti vizuri.

Magurudumu ya kupimia kina yanakaa ubavuni mwa diski. Zungusha kwa mkono: yanapaswa kuikwaruza diski kidogo tu. Yakiwa na mwanya, udongo mkavu unaingia mferejini kabla ya mbegu. Yakibana sana, yanagoma kuzunguka na kukokota udongo.

Bomba la mbegu wengi hawalitoi. Litoe. Diski zikilika hulikwangua ncha yake ya chini na kuacha manyoya ya plastiki, na mbegu ikigonga hapo inadunda. Pia kuna kinga ya chuma inayozuia diski zisilibane bomba. Ikiwa nyembamba kwa kulika, inunue mpya kabla hujanunua bomba jipya. Ukiwa hapo futa vumbi kwenye jicho la sensa inayohesabu mbegu, la sivyo skrini itakudanganya siku nzima.

Kipimia mbegu ndicho kinachochagua mbegu mojamoja. Cha vidole: angalia springi, brashi na mkanda wa ndani. Cha kufyonza hewa: angalia mpira wa kuzibia na sahani yenye matundu, na hakikisha sahani inalingana na ukubwa wa mbegu uliyonunua. Vyote viwili ni afadhali kuvipeleka vikapimwe kwenye mashine ya majaribio wakati wa baridi, kwa sababu Aprili fundi ana foleni. Mbegu za siku hizi zina rangi na dawa inayonata, kwa hiyo changanya poda ya talki au grafiti kama kitabu kinavyosema, na uichanganye hasa, usiinyunyize juu tu.

Shika kila kitengo cha mstari ukitikise juu chini na kulia kushoto. Kikicheza, bushi za mikono yake sambamba zimekwisha, na kikicheza shambani mbegu inarushwa badala ya kudondoka. Angalia minyororo, lainisha kila kiungo kilichokauka, badilisha kilichoganda. Kisha pitisha planta kwenye uwanja mgumu bila mbegu: diski zitachora mstari, na magurudumu mawili ya kufukia lazima yaupitie katikati, moja huku na jingine kule. Yakihamia upande mmoja, mfereji wa mstari huo haufungwi vizuri. Mwisho simama pembeni, tazama planta ikiwa chini: fremu iwe bapa, au mbele iwe juu kidogo. Ikiinamia mbele, magurudumu ya kufukia yananing'inia.

Haya yote ni maandalizi. Uthibitisho unapatikana shambani. Panda mita 50, simama, fukua kila mstari, wa kwanza hadi wa nane. Pima kina na umbali wa mbegu. Rudia kila udongo unapobadilika, kwa sababu mgandamizo wa planta juu ya ardhi unaotosha kwenye kichanga ni mdogo mno kwenye mfinyanzi mkavu. Ukishuka, jaribu kuzungusha gurudumu la kupimia kina: likikataa kidogo kisha likazunguka, mgandamizo ni sawa, likizunguka ovyo, mbegu zinakaa juu juu, likiwa limedidimia na kuacha njia iliyoshindiliwa, umezidisha. Na mwendo usizidi maili 5 kwa saa, kilomita 8, kwa planta ya zamani kama yako. Kinachopotea kwa kukimbia ni usawa, na mahindi yanataka usawa. Mmea unaochelewa kwa majani mawili nyuma ya jirani zake unakula maji na mbolea kama wengine, halafu unatoa gunzi dogo au hautoi kabisa.

Swali. *Mbegu zikae kina gani? Wengine wanasema zikiwa juu zinatoka haraka.*

Jibu. Mahindi inchi 2 (sentimita 5), na yasipungue inchi 1.5 (sentimita 4) kwa sababu yoyote. Mizizi ya kudumu ya mhindi huanza kama robo tatu ya inchi (karibu sentimita 2) chini ya uso wa udongo, iwe mbegu umeifukia inchi 2 au 3. Mbegu ikiwa inchi 1, mizizi hiyo inazaliwa kwenye udongo mkavu wa juu, inakufa kabla ya kushika, na upepo wa Juni unaangusha mimea iliyokuwa ikionekana mizima. Ikiwa unyevu uko chini zaidi, fuata unyevu hadi inchi 2.5.

Soya ni tofauti: inchi 1 hadi 1.75 (sentimita 2.5 hadi 4.5). Mhindi huiacha mbegu chini na kupandisha ncha kali peke yake. Soya huibeba mbegu yenyewe, nusu zake mbili, hadi juu, kwa shina lililojikunja kama ndoano. Udongo ukifanya ukoko baada ya mvua kubwa, ndoano hiyo inakatika shingo. Kwa ukoko kuna haro ya magurudumu ya miiba inayokwenda kasi na kuubomoa juu juu. Ipitishe mapema, kabla ndoano hazijafika kwenye ukoko, na kama umechelewa basi ngoja mchana, mimea ikiwa imelegea kidogo.

Swali. *Tunanunuaje mbegu? Baba mkwe ana ekari 200 za mahindi na 200 za soya, na kila mwaka inabaki au inapungua.*

Jibu. Mfuko wa mahindi una punje 80,000 na wa soya 140,000. Vinauzwa kwa idadi ya punje, si kwa uzito. Ukipanda mahindi 34,000 kwa ekari, ekari 200 zinataka punje 6,800,000, sawa na mifuko 85. Soya 140,000 kwa ekari ni mfuko mmoja kwa ekari, mifuko 200. Kwa nafasi ya inchi 30, hayo mahindi yatakaa kila baada ya inchi 6.15, karibu sentimita 15 na nusu, na soya itakuwa punje 8 kwa futi.

Kwa mahindi, 32,000 hadi 36,000 ndipo mashamba mengi ya Iowa yanapokaa. Kichanga kinachokauka mapema kishushe. Kwa soya tunadhani wengi wanatupa fedha. Mimea 100,000 iliyosimama vizuri kwa ekari inatosha kutoa mavuno kamili, kwa sababu soya ikipata nafasi hutoa matawi. Panda 140,000 udongo ukiwa baridi au unafanya ukoko. Ukiwa na joto na umelainika, 120,000 zinatosha.

Kuhesabu zilizoota: kwa mistari ya inchi 30, pima futi 17 na inchi 5 za mstari mmoja (mita 5.3), hesabu mimea, zidisha kwa 1,000. Hiyo ndiyo idadi kwa ekari. Fanya hivyo sehemu nyingi, si pale karibu na barabara tu.

Swali. *Kigoma tunapanda mahindi na maharage pamoja. Kwa nini Wamarekani hawachanganyi mahindi na soya wakati wanalima vyote viwili?*

Jibu. Kwa sababu kazi yote ni ya mashine. Dawa ya magugu inayovumiliwa na mahindi inaweza kuua soya, kichwa cha kuvunia mahindi hakivuni soya, na mhindi wa mita mbili na nusu unaifunika soya kivuli. Badala ya kuchanganya wanabadilishana: shamba lililokuwa na mahindi mwaka huu linapandwa soya mwakani. Mahindi yanayofuata soya huzaa zaidi ya yanayofuata mahindi, mara nyingi kwa karibu asilimia 10, na yanahitaji mbolea ya naitrojeni pungufu kwa takriban ratili 50 kwa ekari (kilo 56 kwa hekta).

Wengi husema soya inaacha mbolea ardhini. Si hivyo hasa. Soya hujitengenezea nusu au zaidi kidogo ya naitrojeni yake kwa msaada wa bakteria, lakini punje zinazovunwa huondoka na nyingi mno, kiasi kwamba ardhi haibaki na ziada ya maana. Faida iko kwenye mabaki. Mabua ya mahindi yakioza, vijidudu vya udongo hunyang'anya naitrojeni ili viyameng'enye. Mabaki machache, laini ya soya hayafanyi hivyo. Maharage yako ya Kigoma yanafuata kanuni hiyohiyo: ukivuna punje na kubeba na mabua kwenda kuyachoma, usitegemee yarutubishe shamba.

Swali. *Kazi yangu ya kwanza mwezi huu ni kusaidia kuweka amonia. Naogopa, harufu yake tu inachoma.*

Jibu. Kuogopa huko ni kwa haki. Amonia ya shambani ni mbolea ya gesi iliyogandamizwa kuwa kimiminika, ina naitrojeni asilimia 82, na inatafuta maji popote yalipo: machoni, kooni, kwenye jasho la kwapa. Vaa miwani iliyofungwa pande zote isiyo na matundu, glovu za mpira ndefu, na shati la mikono mirefu. Usivae lenzi za machoni. Kila tangi la kukokotwa linatakiwa kuwa na galoni 5 za maji safi. Yaangalie asubuhi kabla hujagusa valvu. Simama upande upepo unakotoka unapounga na kufungua hosi, na fungua valvu ya kutolea mgandamizo kabla ya kutenganisha chochote. Ikikupata, mwaga maji mengi kwa dakika 15 bila kukatisha, ndipo uende hospitali. Mwajiri asiyekupa miwani na glovu hana haki ya kukutuma kwenye tangi hilo, na una haki ya kukataa.

Upande wa mimea: amonia iingie inchi 7 au 8, na mfereji wake ufunge nyuma ya kisu kinachoiingiza ardhini. Ukiona moshi mweupe unafuka nyuma, udongo ni mbichi au mkavu mno, na mbolea inapotea. Kisha ngoja siku 7 hadi 10 kabla ya kupanda mahindi, na kama inawezekana iwekwe kwa mshazari kuvuka mistari ya kupandia, ili hata ikiunguza mizizi iunguze mahali padogo, si mstari mzima.

Swali. *Shamba letu liko Illinois. Mjomba anataka soya itangulie mahindi mwaka huu. Si ni kinyume?*

Jibu. Zamani ilikuwa kinyume. Sasa mashamba mengi ya Illinois na Iowa yanafanya hivyo, au yanapanda vyote siku moja kwa planta mbili. Sababu ni hesabu ya vifundo. Soya ikishafungua jani lake la kwanza la vipande vitatu, inaongeza kifundo kimoja shinani kila baada ya siku kama nne, na maganda huzaliwa kwenye vifundo. Iliyopandwa mwisho wa Aprili ina vifundo zaidi kufikia siku ndefu za Juni kuliko ya katikati ya Mei.

Hatari zipo mbili. Ya kwanza ni jalidi. Ncha ya kukua ya mhindi iko chini ya ardhi mpaka mmea ufikishe majani matano au sita, kwa hiyo majani yakiungua kwa baridi huota mengine. Ya soya iko juu tangu siku ya kuchomoza. Ikiungua chini ya zile nusu mbili za mbegu, mmea umekufa. Usifanye uamuzi asubuhi ya jalidi. Ngoja siku tatu hadi tano utafute machipukizi mapya. Ya pili ni ugonjwa wa kuvu unaoingia mizizini kwenye udongo baridi na mbichi, kisha majani yanaanza kukauka ghafla Agosti. Shamba lenye historia yake lipandwe mwisho, kwa mbegu stahimilivu iliyotiwa dawa ya ugonjwa huo hasa.

Mjomba aangalie pia tarehe ya kaunti yenu kwenye bima ya mazao. Akipanda kabla yake bima haifutiki, ila hatalipwa gharama ya kupanda upya. Upande wa kuchelewa, kwa jirani zenu wa Iowa tarehe ya mwisho ni Mei 31 kwa mahindi na Juni 15 kwa soya, na baada ya hapo kinga hupungua asilimia 1 kwa kila siku. Mvua za 2019 zilifanya ekari zaidi ya milioni 19 Marekani nzima ziripotiwe kuwa hazikuweza kupandwa, na wenye bima waliozijua tarehe zao ndio waliojua lini waache kuhangaika na matope.

Swali. *Nikivuna soya, kwa nini nisibakishe gunia la mbegu kama tunavyofanya nyumbani?*

Jibu. Mahindi chotara hayafai kubakishwa kwa sababu kizazi cha pili kinachanganyika, kirefu na kifupi, na mavuno yanashuka. Soya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo kizazi chake kinafanana na mzazi. Kinachokuzuia ni sheria. Mbegu nyingi za Marekani zina hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi wake, na mkataba unaouingia unaponunua unaruhusu msimu mmoja. Mkulima wa Indiana, Vernon Hugh Bowman, alipinga jambo hilo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2013 majaji wote waliamua dhidi yake. Kama ungependa kubakisha, tafuta aina zisizo na hataza za vyuo vikuu na uulize kwa maandishi kabla ya kununua.

Swali. *Niko Mbozi, nalima ekari tatu kwa mkono. Kuna lolote la kuchukua huko?*

Jibu. Lipo, ila usichukue idadi. Mahindi 34,000 kwa ekari yanategemea mbegu zao, mbolea zao na siku zao ndefu za kiangazi. Sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, inakupa karibu mimea 18,000 kwa ekari. Chukua kina cha sentimita 5 na ukipime kwa kijiti chenye alama, na fukia kwa usawa ili mimea itoke pamoja. Kwa soya, shamba lisilowahi kuipanda linahitaji bakteria wake maalumu. Zipake mbegu bakteria hao kivulini kwa maji yenye sukari kidogo, panda siku hiyohiyo kwenye unyevu, usiiache juani. Wiki ya sita ng'oa mmea mmoja taratibu ukate vinundu vya mizizi: ndani vikiwa vyekundu au vya waridi vinafanya kazi, vikiwa vyeupe au kijani havifanyi.

Swali. *Imebaki nusu mfuko ya mahindi yenye rangi ya waridi. Naweza kuwapa kuku?*

Jibu. Hapana, hata ukiosha. Rangi hiyo ni alama ya dawa ya kuvu na mara nyingi ya wadudu pia. Usiyachanganye na mahindi ya kuuza, kwani punje chache zenye rangi zinatosha lori zima kukataliwa. Mfuko usiofunguliwa mrudishie muuzaji mapema. Uliofunguliwa ufunge, uandike aina na namba yake, uweke mahali pakavu penye ubaridi, na mwakani pima uotaji wa punje 100 kwenye taulo lenye unyevu kabla ya kuurudisha kwenye planta. Soya iliyobaki usiiwekee matumaini. Hupoteza uwezo wa kuota haraka kuliko mahindi. Na punje zilizomwagika pale ulipojazia planta zifukie siku ileile, ndege hawajazifikia.